Kuchaji vyombo vya usafiri vya umeme Gitega na Muyinga

Gitega, mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu 2019, na Muyinga, mji wa kaskazini-mashariki ulio karibu na mpaka wa Kobero, ni mahali pa kupimia kama vyombo vya usafiri vya umeme vinaweza kutoka nje ya Bujumbura. Haja ipo. Mafuta yote ya Burundi huagizwa nje kwa fedha za kigeni ambazo ni haba, na katika miaka ya 2020 foleni za petroli zimekuwa jambo la kawaida.

Kikwazo cha kwanza ni umeme wenyewe: takriban mtu mmoja tu kati ya kumi nchini ndiye aliyeunganishwa. Mtambo wa jua wa Mubuga, karibu na Gitega, ulizinduliwa 2021 ukiwa na megawati 7.5. Chaja moja ya haraka ya gari huvuta kilowati 50 hivi. Chaja 150 za aina hiyo zikiwashwa pamoja zingemeza mtambo mzima, tena mchana jua likiwaka. Usiku, mtambo huo hauna la kutoa.

Nafuu imetoka kwenye mtambo wa umeme wa maji wa Rusumo, katika mto Kagera. Megawati 80 za mtambo huo hugawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania, na fungu la Burundi, karibu megawati 27, huingia kwa njia ya kilovolti 220 inayopitia Muyinga hadi Gitega. Fungu hilo, hata hivyo, linangojewa pia na viwanda, hospitali na nyumba zilizo gizani.

Kwa hiyo pikipiki zina nafasi kubwa kuliko magari. Dereva wa pikipiki ya abiria hahitaji kusubiri chaja: anaacha betri iliyokwisha, anachukua iliyojaa, anaondoka. Betri zilizoachwa zinaweza kuchajiwa polepole saa ambazo mzigo wa gridi ni mdogo, au mchana kwa jua. Kampuni ya Ampersand imefanya ubadilishaji huo wa betri Kigali, Rwanda, tangu 2019, na tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa humo lazima ziwe za umeme. Kenya nayo iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji mwaka 2023.

Milima si adui mtupu: hula betri wakati wa kupanda, lakini chombo chenye breki za kurudisha umeme huokoa sehemu yake kwenye mteremko. Kigumu zaidi ni mtaji, kwani betri nazo hununuliwa kwa dola zilezile zinazokosekana kwa petroli. Bila msamaha wa kodi na bei ya umeme inayojulikana mapema, mwekezaji atabaki Bujumbura.