Fahamu Upepo wa Jua na Utabiri wa Dhoruba Zake

Upepo wa jua ni mkondo wa chembechembe zenye chaji ya umeme utokao katika jua bila kukoma, kwa kasi ya kati ya kilomita 300 na 800 kwa sekunde. Hauonekani kwa macho, wala hauna uhusiano na upepo unaotikisa miti. Unapozidi nguvu, huvuruga uga wa sumaku unaoizunguka dunia. Tarehe 13 Machi, 1989, dhoruba ya aina hiyo ilizima gridi ya umeme ya Quebec, nchini Kanada, na kuwaacha watu wapatao milioni 6 gizani kwa takribani saa 9.

Kuwapo kwa upepo huo kulielezwa mwaka 1958 na Eugene Parker, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Wataalamu wawili waliopewa makala yake kuikagua waliikataa. Mhariri wa jarida, Subrahmanyan Chandrasekhar, naye hakuridhika na hoja yenyewe, lakini kwa kuwa hakuona kosa katika hesabu, aliichapisha. Miaka minne baadaye chombo Mariner 2, kikiwa safarini kuelekea sayari ya Zuhura, kiliupima upepo huo na ubishi ukaisha.

Leo watabiri wakiona mlipuko juani huweza kukadiria siku ya kuwasili kwa dhoruba. Wasichoweza kujua mapema ni mwelekeo wa sumaku iliyobebwa ndani yake. Ukielekea kusini, athari huwa kubwa. Hilo hupimwa na vyombo vilivyo umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, na hapo muda uliobaki ni kati ya dakika 15 na saa moja.

Barani Afrika, tahadhari hutolewa na kituo cha Hermanus, Afrika Kusini. Kwa Afrika Mashariki, iliyo karibu na ikweta ya sumaku, kero kubwa ni misukosuko ya ionosfea baada ya jua kutua, ambayo hupotosha vipimo vya GPS hata pasipo dhoruba.

Ili kuelewa chanzo cha kasi ya upepo huo, Marekani ilirusha chombo Parker Solar Probe tarehe 12 Agosti, 2018. Parker, akiwa na umri wa miaka 91, alishuhudia kikipaa. Alifariki dunia Machi 2022. Tarehe 24 Desemba, 2024 chombo hicho kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua.