Mali Bila Daftari: Funzo la Matengenezo ya Chuma Juu ya Kanisa la Mtakatifu Petro, New York

Kurasa nyingi za kitabu hiki cha miaka 100 zimewakumbuka watu: wainjilisti, wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama waliobeba mchanga na mawe. Sura hii fupi inahusu jambo ambalo vitabu vya jubilei kwa kawaida havilipi nafasi, nalo ni kumbukumbu za matengenezo ya majengo, hasa sehemu zake za chuma. Kamati ya historia ilipokusanya nyaraka za usharika wetu, ilizipata bila taabu orodha za ubatizo, kipaimara na ndoa. Lakini ilipouliza ni lini kenchi za chuma zinazobeba paa la kanisa ziliongezewa vipande vya kuziimarisha, na kwa sababu gani, haikupata hata karatasi moja. Alama za kuchomelea zinaonekana kwa macho. Habari zake hazipo. Wazee wawili tuliowauliza walitaja miaka miwili tofauti.

Ndugu msomaji asidhani kwamba upungufu huu ni wa sharika ndogo peke yake. Iko historia ya Walutheri wenzetu wa New York, nchini Marekani, inayotufundisha jambo hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi.

Usharika wa Mtakatifu Petro ulianzishwa mwaka 1862 na Walutheri wenye asili ya Ujerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kanisa lao lilikuwa kwenye kona ya barabara ya Lexington na ile ya 54, mahali ambapo benki kubwa iliyokuwa jirani ilitaka kujenga mnara wa ofisi. Usharika ulikubali kuuza, lakini kwa sharti: kanisa jipya lijengwe kona ileile, lisimame peke yake, wala nguzo za mnara zisipite ndani yake.

Sharti hilo ndilo lililoupa umbo mnara ulioitwa Citicorp Center. Mhandisi William LeMessurier, akifanya kazi na msanifu Hugh Stubbins, hakuziweka nguzo kuu kwenye pembe nne za jengo kama ilivyo desturi. Aliziweka katikati ya kila upande, zikiwa na kimo cha zaidi ya mita 30, ili pembe ya mnara ining'inie juu ya kanisa bila kuligusa. Vyuma vikubwa vya mshazari, vilivyopangwa kama herufi V, vilikusanya mizigo na kuipeleka kwenye nguzo hizo. Mnara wa orofa 59, wenye kimo cha mita 279, ulikamilika mwaka 1977, na kanisa jipya likawekwa wakfu mwaka huohuo.

LeMessurier alikuwa ameagiza viungio vya vyuma vile vya mshazari vichomelewe kikamilifu. Wakati wa ujenzi yalipendekezwa mabadiliko: viungio vifungwe kwa bolti, kwa kuwa ni nafuu na kazi huenda upesi. Ofisi yake ya New York ilikubali. Yeye mwenyewe alikuja kulijua jambo hilo mwaka 1978, jengo likiwa limekwisha kukabidhiwa na watu wamo ndani wakifanya kazi. Mwaka huohuo, baada ya swali la mwanafunzi mmoja wa uhandisi, alikokotoa upya nguvu za upepo unaopiga pembe za jengo. Aliona kwamba katika baadhi ya vyuma mzigo uliongezeka kwa asilimia 40, na kwenye viungio vya bolti kwa asilimia 160. Kwa makadirio yake, kama umeme ungekatika na kuuzima mtambo wa kutuliza mtikisiko uliokuwa juu ya mnara, dhoruba inayoweza kuuangusha ingetazamiwa mara moja katika kila miaka 16.

Kwa heshima yake tuseme kwamba hakunyamaza. Aliwaeleza wenye jengo na wakuu wa jiji, na kuanzia Agosti hadi Oktoba 1978 matengenezo yakafanyika. Usiku maseremala walizifungua kuta na kuzungushia viungio vibanda vya mbao. Wachomeleaji wakaunga mabamba ya chuma yenye unene wa sentimita 5 juu ya viungio zaidi ya 200. Kabla ya mapambazuko vumbi na moshi vilisafishwa ili wafanyakazi wa ofisi wasione kitu. Mapema Septemba kimbunga kilichoitwa Ella kilielekea pwani ya Marekani, kisha kwa rehema za Mungu kikageukia baharini. Magazeti makubwa ya jiji yalikuwa katika mgomo tangu tarehe 10 Agosti. Hivyo kuta zilifungwa, rangi ikapakwa, na habari ikafungwa pamoja nazo. Umma haukuijua mpaka Mei 1995, mwandishi Joe Morgenstern alipoieleza katika jarida la The New Yorker. Ilikuwa imepita miaka 17.

Wengi wamemsifu LeMessurier kwa kukiri kosa, na wengine wamelaumu ile siri. Sisi tunataka kutazama upande mwingine. Habari ya bolti haikuwa imekosekana. Kulikuwa na watu walioijua na kuikubali. Kilichokosekana ni njia ya kumfikia yule aliyehitaji kuijua. Hata jina la mwanafunzi aliyeuliza halikuhifadhiwa. Baadaye walitajwa watu wawili tofauti kuwa ndio walioleta swali. Mwaka 2019, LeMessurier akiwa amekwisha kufariki tangu 2007, watafiti wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani walilipima suala hilo upya. Matokeo yao yalitia shaka ile dhana kwamba upepo wa pembe ulikuwa wa hatari kuliko ule unaopiga uso wa jengo. Basi maswali kuhusu chuma hurudi baada ya miaka 40, wakati waliofanya kazi hawapo tena kujibu.

Chuma kina tabia ya kuficha historia yake. Rangi ikishapakwa, bamba la mwaka huu na la miaka 30 iliyopita hufanana. Fundi anayekuja kuchomelea tena anahitaji kujua ni chuma cha namna gani kilichoko, kwa maana chuma chenye kaboni nyingi kikichomelewa bila kupashwa moto kwanza huweza kupasuka pembeni mwa mshono. Mhandisi naye anahitaji kujua kama kipande kiliongezwa kwa sababu ya kutu, ya mzigo mpya, au ya kosa la mwanzo. Asipoambiwa atakisia, na kukisia juu ya vichwa vya waumini si jambo dogo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Maandiko yanatukumbusha, katika Wafalme wa Pili, sura ya 22, jinsi mfalme Yosia alivyoagiza nyumba ya Bwana itengenezwe. Mafundi waliaminiwa hata hawakudaiwa hesabu ya fedha. Lakini katika matengenezo hayohayo kuhani mkuu Hilkia alikiona kitabu cha torati, ambacho kilikuwa ndani ya nyumba ileile na hakuna aliyekisoma. Uaminifu wa mafundi ulikuwepo, na kitabu kilikuwepo. Ila kitabu kisichojulikana kilipo ni sawa na kisichokuwepo.

Kwa hiyo baraza la wazee limeazimia kufungua daftari la jengo. Kila kenchi, nguzo na kiungio kitapewa namba, na namba hiyo itaandikwa kwenye mchoro na kwenye chuma chenyewe. Kumbukumbu zitapangwa kwa namba ya mahali, si kwa tarehe ya barua wala kwa jina la mkandarasi, kwa sababu anayetafuta huwa amesimama chini ya mahali fulani akitazama juu. Kila ukurasa utaeleza kilichoonekana, sababu yake, kilichofanyika, unene na aina ya chuma, jina la mchomeleaji, jina la mkaguzi na picha kabla ya rangi. Hakuna malipo ya mwisho kwa fundi kabla ukurasa huo haujajazwa na kusainiwa. Nakala moja itakaa ofisini kwetu na ya pili itapelekwa dayosisi, maana maji na moto haviheshimu kabati. Mwaka 2021 bomba lililopasuka barabarani liliingiza mafuriko ndani ya lile kanisa la Mtakatifu Petro. Kila baraza jipya litakabidhiwa daftari hili pamoja na funguo za kanisa.

Na zile alama za kwenye kenchi zetu? Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa ajili yake. Tumetaja mahali zilipo na miaka yote miwili waliyoikumbuka wazee, na nafasi ya sababu tumeiacha wazi mpaka mhandisi atakapozikagua. Watakaoadhimisha miaka 200 na wasome hapo, wala wasilazimike kukisia. Mungu aibariki kazi ya mikono ya waliotutangulia, na atujalie kuiandika kwa uaminifu.