Baraza Lililovunjwa Mara Tatu

Baraza la Dar es Salaam limevunjwa mara tatu. Kwanza lilizimwa na Madaraka Mikoani, sera iliyoanza 1972, na mabaraza ya miji hayakurudi hadi 1978. Mwaka 1996 serikali iliwaondoa tena madiwani na kuweka Tume ya Jiji. Februari 2021 Rais Magufuli alilifuta kabisa, manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Kila mara watu huuliza magari na viwanja vimerithiwa na nani. Mafaili hayana anayeyaulizia.

Katika mafaili hayo zimo sheria ndogo za baraza, na kila sheria ndogo hupita mikono mingi. Kamati huijadili, madiwani huipitisha, wananchi hutangaziwa ili mwenye pingamizi alilete, waziri huidhinisha, ndipo huchapishwa katika Gazeti la Serikali na kupewa namba. Kwa hiyo sheria yenyewe haipotei kirahisi. Kinachopotea ni muhtasari wa kikao: nani alipinga ushuru wa soko, nani aliwatetea wachuuzi, kata ipi ilinyimwa mtaro. Gazeti hutunza uamuzi, muhtasari hutunza ugomvi, na historia ya mji imo zaidi kwenye ugomvi.

Kanuni za ujenzi zinaonyesha nguvu ya karatasi hizi. Wajerumani walianza kuziandika 1891. Waingereza nao wakaugawa mji katika kanda tatu. Waingereza hawakuhitaji kutaja rangi ya mtu. Walitaja aina ya nyumba inayoruhusiwa katika kila kanda, basi, na mwenye nyumba ya miti, udongo na makuti akajikuta hana mahali katika kanda ya kwanza. Ndivyo zilivyokaa Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Wahindi na Waafrika. Ukiisoma kanuni peke yake utadhani ni habari ya mabati na saruji tu.

Mji ulipata hadhi ya manispaa 1949. Mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa meya wake wa kwanza Mwafrika, yule yule aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi. Binafsi ningeacha hotuba zake zote nisome mihutasari ya vikao vyake. Bingwa wa vina na mizani aliongozaje mjadala wa majitaka?

Tangu 2002 tunayo Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, inayozibana ofisi za umma zitunze karatasi zao. Lakini ofisi iliyofutwa haina karani wa kubanwa. Siku nyingine baraza likivunjwa, amri ya kulivunja itaje kwa jina ofisi itakayopokea mihutasari yake, na siku ya kuipokea.