Nyumba za Ujiji: Nusu Tusiyowasimulia Watoto



Ndugu zetu katika imani, kila posa inapoletwa katika familia zetu hapa Buyenzi, Bujumbura, wazee huuliza: "Hawa ni watu gani?" Wengi wetu hujibu kwa fahari kwamba asili yetu ni Ujiji. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu.

Ujiji iko ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa mashariki. Wazungu Burton na Speke walipofika Februari 1858, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa pwani wameshatangulia. Sokoni Waha walikutana na Warundi, Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo. Paliuzwa samaki, mawese, chumvi ya Uvinza na pembe za ndovu, na watu walilipana kwa shanga zilizoitwa sofi. Wanadamu nao waliuzwa.

Kwa hiyo nyumba ya tajiri wa Ujiji ilikuwa na makabila mengi chini ya paa moja: mwenye nyumba, wake zake, masuria, watoto, na watumwa waliolima, waliopika, waliopiga makasia na kubeba mizigo. Wengi walitekwa Manyema, ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo ya leo. Mwanamke aliyetengwa na mama yake alijifunza Kiswahili, akavaa kanga, akasilimu, akalea watoto. Huyo ndiye bibi wa wengi wetu.

Sheria yetu imeweka wazi kwamba mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru, na anarithi sawa na mtoto wa mke. Suratul Balad nayo imehesabu kumwacha huru mtumwa kuwa njia ya kupanda yenye uzito. Lakini tusijidanganye: wapo Waislamu walioipita njia hiyo bila kuipanda, wakafanya biashara ya watu.

Wajerumani walitangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Waingereza wakaufuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Reli nayo ilifika Kigoma mwaka 1914, biashara ikahamia huko. Baadhi ya watu wa Ujiji wakaja huku Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, na lugha yao, dini yao na mapishi yao.

Sheria ziliufuta utumwa, lakini ndimi zetu bado. Hadi leo posa hukataliwa kwa mnong'ono kwamba "wale babu yao alinunuliwa". Enyi wazazi, anayenong'ona hivyo aulize kwanza bibi yake mwenyewe alifikaje Ujiji. Tukimpata kijana mwenye dini na tabia njema, tusimrudishe kwa kosa ambalo alitendewa babu yake, wala hakulitenda.

Wabillahi tawfiq.