Mgeni na Jembe: Udhamini wa Walimu wa Kigeni Kisiwani Pemba Tangu 1897

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja la kihistoria: kisiwani Pemba, ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumkabidhi mwalimu mgeni jembe lake, na ni nani aliyesimama kuwa mdhamini wake? Swali hili lavihusu sana vyuo vyetu vya Kanisa, ambavyo tangu mwanzo vimefundishwa na wenyeji pamoja na wageni.

Udhamini wa bendera

Mwaka 1897 hali ya utumwa iliondolewa nguvu ya kisheria katika Unguja na Pemba. Mwaka huohuo Henry Stanley Newman na Theodore Burtt, Wakristo wa jamii ya Marafiki wa Uingereza, walifika Pemba, na misheni yao ikapata shamba la mikarafuu huko Banani. Hapo watu walioachwa huru walipewa kazi ya ujira, na mafundisho yakatolewa. Mdhamini wa wageni hao alikuwa shirika lao na, nyuma yake, ulinzi wa Kiingereza uliowekwa mwaka 1890. Kazi yao ilikuwa njema, lakini ruhusa yao ilitoka kwa watawala, wala haikutegemea ridhaa ya wakulima wa Pemba.

Udhamini wa namna hiyo haudumu kuliko bendera inayoutoa. Sisi Walutheri wa Bara tulijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari wa Leipzig waliondolewa nchini, Bruno Gutmann akiwa miongoni mwao. Na Vita Kuu ya Pili ilipozuka, Wajerumani walitiwa kizuizini. Palipokuwa na walimu wenyeji walioandaliwa, kazi iliendelea. Pasipokuwa nao, kondoo walitawanyika.

Mamlaka mbili

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 na Muungano wa tarehe 26 Aprili mwaka huo yalibadili msingi wa jambo hili. Uraia na uhamiaji viliwekwa miongoni mwa mambo 11 ya Muungano, hali mambo ya kazi na ajira yalibaki mikononi mwa Zanzibar. Kwa sababu hiyo mhadhiri mgeni wa Pemba husimama mbele ya milango miwili: hati ya ukaazi hutawaliwa na Sheria ya Uhamiaji Na. 7 ya 1995, na kibali cha kazi na Sheria ya Ajira ya Zanzibar Na. 11 ya 2005. Hati moja pasipo nyingine haimtoshi.

Jambo hili si dogo. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na kimefika Pemba kwa kampasi ya Mchanga Mdogo. Huko Wawi, Chake Chake, mwaka 2000 ilifunguliwa maabara ya afya ya jamii yenye jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia. Humo wageni na Wapemba wamechunguza pamoja kichocho na minyoo. Bila ya hati, ushirikiano wa namna hiyo husimama.

Je, mgeni aweza kuwa mwenyeji?

Sheria ya Uraia Na. 6 ya 1995 humtaka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo na, katika miaka 10 iliyoitangulia miezi hiyo, jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa upande wa Bara, sheria ya mwaka 2015 ya ajira za wageni, ilipotungwa, iliweka ukomo wa miaka 5 kwa vibali vya kazi vya wasio wawekezaji. Hesabu ni rahisi: mwalimu aliyetegemea kibali hicho peke yake alifika ukomo kabla hajastahili kuomba uraia. Tulimwita ndugu, lakini njia ya kuwa ndugu tuliikatisha katikati.

Hata hivyo sheria hiyohiyo humtaka mwajiri awe na mpango wa kumrithisha mwenyeji ujuzi wa mgeni. Hapo sheria yatukumbusha fundisho la mwaka 1920, ambalo Kanisa lilipaswa kulishika bila kuamriwa.

Hitimisho

Yatupasa basi kuungama makosa mawili. La kwanza ni kumwombea mtu kibali cha umisionari, hali twajua kwamba kazi yake hasa ni uhadhiri. Huo ni uongo, hata ukifanywa kwa ajili ya Injili. La pili ni kuacha hati ya mwenzetu imalizike muda wake makabatini mwetu, kisha yeye ndiye aonekane mkosaji. Anayedhamini amejifunga kwa neno lake.

Matendo ya Mitume, sura ya 18, yatueleza habari za Akila na Prisila, waliotoka Italia kwa sababu Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Walikuwa wageni Korintho, wakishona mahema. Wakawa wageni tena Efeso, na huko wakamfundisha Apolo, naye akavuka kwenda Akaya kuwasaidia walioamini. Amri ya Kaisari iliwaondoa mjini mwao, lakini haikuyaondoa mafundisho yao. Kila chuo kinachomdhamini mgeni na kijiulize: siku atakapoondoka, jembe lake litakuwa mkononi mwa nani?