Akiba ya Injini

Hakuna motokaa itokayo kiwandani ikiwa imekwisha kutumia nguvu zake zote. Mtengenezaji huiachia injini akiba, kama mkulima aachavyo mbegu ghalani hata katika mwaka wa njaa. Akiba hiyo ni ya siku ya joto kali, ya petroli duni, ya mlima mrefu, ya dereva asahauye kubadili oili kwa wakati wake, na ya miaka ambayo chuma huchakaa bila kuonekana. Mwenye gari la kasi aonapo kwamba injini yake ingeweza kutoa nguvu zaidi ya ile aliyouziwa, hakosei. Kosa huanza adhanipo kwamba akiba ile iliachwa bure. Historia ya kuikoleza injini, yaani kuizidishia nguvu baada ya gari kuuzwa, ni historia ya watu waliochagua ni sehemu gani ya akiba waitumie na ni hasara gani waikubali. Waliochagua vyema hawakuwa siku zote wale waliopata nguvu nyingi kuliko wenzao.

Injini ya petroli huishi kwa hewa, mafuta na cheche. Kuikoleza ni kuingiza hewa nyingi zaidi katika silinda, kuipimia mafuta yanayolingana nayo, na kuchagua wakati ambapo plagi itatoa cheche. Adui wa kazi hii ni kugonga. Mchanganyiko wa hewa na mafuta ukibanwa mno, au ukipashwa joto mno, sehemu yake iliyo mbali na plagi hulipuka yenyewe kabla ya kufikiwa na mwali. Mlipuko huo huipiga pistoni kama nyundo, na ukidumu huitoboa. Harry Ricardo wa Uingereza alikuwa miongoni mwa wataalamu wa kwanza waliolichunguza jambo hili kwa bidii mwanzoni mwa karne ya 20. Huko Marekani, Thomas Midgley, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya General Motors mjini Dayton, aligundua mwaka 1921 kwamba risasi ikitiwa katika petroli huzuia kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923, na injini zikaweza kubanwa zaidi na kutoa nguvu zaidi. Lakini gharama ya nguvu hiyo haikulipwa na wenye magari peke yao. Risasi ilitoka katika ekzosi ikaingia katika hewa na damu za watu, na watoto ndio walioumia zaidi. Baada ya Azimio la Dakar la mwaka 2001, nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006, na Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, iliacha mwaka 2021. Tangu mwanzo, basi, kuchagua nguvu kulikuwa pia kuchagua nani atakayeilipia.

Biashara ya kukoleza magari ya watu wa kawaida ilipata kitovu chake katika jimbo la California. Mwaka 1932 Ford ilitoa injini yenye silinda 8 na nguvu ya farasi 65 kwa bei ambayo mtu wa kipato cha kadiri aliweza kuimudu. Vijana waliyanunua magari hayo, mengi yakiwa yamekwisha kutumika, wakayavua mabawa na vioo ili yawe mepesi, wakayapeleka katika maziwa yaliyokauka ya jangwa la Mojave, hasa Muroc, ambako ardhi ni tambarare na ngumu. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana kuunda chama cha kuyasimamia mashindano hayo. Mwaka uliofuata, Vic Edelbrock, fundi wa gereji, alibuni bomba la kugawia hewa lililoweza kubeba kabureta mbili mahali pa moja, na watu walipoona gari lake linavyokwenda wakataka kuuziwa bomba kama lile. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ed Iskenderian naye alipata sifa kwa kuchonga kamshafti, yaani mhimili unaofungua na kufunga valvu.

Kamshafti iliwafundisha vijana wale somo ambalo halijapitwa na wakati. Ikichongwa ili valvu zikae wazi muda mrefu, injini hupumua vyema inapozunguka kwa kasi kubwa. Lakini inapozunguka polepole hutetemeka, hukosa nguvu, na hula mafuta mengi. Kijana aliyekwenda jangwani Jumapili alifurahi. Jumatatu, gari lile lile likimpeleka kazini katika msongamano wa mji, alijuta. Isitoshe, injini ile ya Ford ilikuwa na kasoro ya maumbile: njia za moshi zilipita ndani ya bongo la injini, kandokando ya silinda, zikaipasha maji yake joto kupita kiasi. Kila aliyeizidishia moto aliizidishia na joto hilo. Mafundi hodari walikuja kutambua kwamba swali la kwanza si nguvu kiasi gani itapatikana, bali gari litatumiwa wapi, na kiungo kipi kitakuwa cha kwanza kushindwa.

Uingereza ilitoa mfano wa uchaguzi uliotimia. Mini ilipotokea mwaka 1959 ilikuwa gari dogo la jamaa, lenye injini ya sentimita za ujazo 848 na nguvu ya farasi 34. John Cooper, ambaye magari yake ya mbio yalitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1959 na 1960, aliona kwamba gari hilo lashika barabara kuliko nguvu zake zinavyodai. Akawashawishi watengenezaji, na mwaka 1961 ikatoka Mini Cooper yenye sentimita za ujazo 997, kabureta mbili na nguvu ya farasi 55. Jambo la kuangaliwa hapa si nguvu iliyoongezwa tu. Magurudumu ya mbele yalitiwa breki za sahani mahali pa zile za ngoma. Aliyeongeza mwendo aliongeza na uwezo wa kusimama. Gari hilo lilishinda mashindano ya Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967.

Hata hivyo, gari lililotawala katika theluji ya milima ya Ulaya halikupata kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki. Mashindano hayo yalianzishwa mwaka 1953, yakipita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, na yakawa mzani mkali wa kuupima ukolezaji wa injini. Barabara zake zilikuwa za vumbi kavu lililosaga pistoni, na mvua iliponyesha zilikuwa za matope yaliyomeza magari mazima. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakawa tena 7. Katika miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff wakiendesha Peugeot 404, gari lililofahamika zaidi kwa uvumilivu kuliko kwa kasi.

Nchi yenyewe iliweka mtego ambao hauonekani kwa macho. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 1,800, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja katika sita. Injini isiyosukumiwa hewa hupoteza huko nguvu kwa kadiri hiyo hiyo. Fundi wa Nairobi huweza kuifidia hasara hiyo: aibane injini zaidi, aiwahishe cheche, na kuipunguzia kabureta mafuta ili yalingane na hewa haba. Gari likawa jepesi kama swala. Lakini likiteremka Mombasa, hewa nzito huijaa silinda ile ile iliyobanwa, mafuta yaliyopunguzwa huwa hayatoshi, joto huzidi, na injini ikaanza kugonga. Ukolezaji uliokuwa hekima mlimani hugeuka kuwa maangamizi pwani, ingawa hakuna skrubu hata moja iliyoguswa njiani.

Kwa sababu hii ushindi wa Joginder Singh mwaka 1965 wastahili kukumbukwa na kila mwenye kutaka kuchagua. Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mwana wa fundi, naye mwenyewe akawa fundi. Gari aliloshindia pamoja na nduguye Jaswant lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumiwa katika mashindano, na umbo lake lilikuwa la zamani kwa hesabu ya wakati ule. Injini yake ya lita 1.8 haikuwa kubwa, lakini kranki yake ilishikwa na beringi 5 na ilisifika kwa kudumu. Dereva aliyejua kwa mikono yake mwenyewe nini kimo ndani ya chuma kile alijua pia aidai nguvu kiasi gani na wakati gani. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Colt Lancer.

Miaka ile ile ya 1970 ilileta mageuzi mawili. La kwanza ni turbo, yaani pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili lisukume hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Porsche ilionyesha 911 Turbo mwaka 1974, ikiwa na lita 3.0 na nguvu ya farasi 260. Ilipotaka kuipandisha hadi 300 katika gari lililofuata, iliongeza ukubwa wa injini hadi lita 3.3, ikatia kifaa cha kupoza hewa kabla haijaingia katika silinda, na ikazidisha breki. Geuzo la pili ni kompyuta. Mwaka 1979 Bosch ilitoa mfumo wa Motronic, uliotumiwa kwanza katika BMW 732i, ambao uliunganisha upimaji wa mafuta na wakati wa cheche chini ya ubongo mmoja wa umeme. Tangu hapo mtu aliweza kuikoleza injini bila kushika tupa wala spana. Alibadili tarakimu zilizoandikwa ndani ya kisanduku, na katika gari la turbo tarakimu chache ziliweza kuleta nguvu ambayo zamani ilihitaji majuma ya kazi.

Urahisi huu ulikuwa neema, lakini uliondoa kinga moja. Fundi wa California alipochonga chuma, aliuona unene wa ukuta aliokuwa akiupunguza. Mnunuzi wa tarakimu haoni kitu. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989 yatosha kuwa ushahidi. Wakati huo watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya nguvu ya farasi 280, mapatano yaliyodumu hadi mwaka 2004; hivyo injini yake ya lita 2.6 ilitoka kiwandani na akiba kubwa kuliko kawaida. Gereji za Japani ziliifungua akiba hiyo kwa pupa. Bongo lake la chuma lilistahimili. Lakini magurudumu ya turbo zake yalifanywa kwa kauri ili yawe mepesi, na hewa ilipoongezwa kupita kiasi yalivunjika. Akiba haikugawanywa sawasawa katika viungo vyote: mahali chuma kilipokuwa tajiri, kauri ilikuwa maskini.

Somo hili limekwisha kufika bandarini Mombasa na Dar es Salaam, ambako magari ya Japani yaliyotumika hushushwa kwa wingi, na miongoni mwake magari ya turbo kama Subaru Impreza. Injini zake za kasi zilipimiwa petroli bora ya Japani, ambayo huuzwa huko ikiwa na kipimo cha okteni kinachokaribia 100. Mafuta yenye kipimo cha chini zaidi yamekwisha kula sehemu ya akiba kabla mwenye gari hajafikiri kuikoleza. Akinunua juu ya hayo tarakimu zilizotungwa kwa petroli ya nchi nyingine, atumia mali ambayo imekwisha kutumika.

Kwa hiyo anayechagua leo, katika gereji ya Nairobi au ya Osaka, anasimama mbele ya maswali yale yale ya jangwa la Mojave. Gari litapita wapi, na katika kimo gani? Litakunywa petroli gani kila siku, wala si siku ya kupimwa? Klachi, giaboksi, breki na mfumo wa kupoza maji vitaibeba nguvu mpya, au vitakuwa ile kauri? Je, marekebisho yale yaondoa vifaa vinavyosafisha moshi, hata majirani wakalipa kwa mapafu yao gharama ya mwendo wa mtu mmoja? Fundi aliyeyaandika aweza kueleza ni nini alichobadili, na aliacha kiasi gani? Muuzaji ajibuye kwa hesabu ya farasi peke yake amejibu swali lililo jepesi kuliko yote. Fundi mwema aghalabu hupendekeza nguvu pungufu ya ile iwezekanayo, na mteja huondoka akidhani amepunjwa. Miaka mitano baadaye, gari lile likipanda kutoka Voi mchana wa jua kali bila kugonga, kilichobaki katika injini ndicho kinachomfikisha.