Mafigo ya Wazee

Msomaji wangu, kwetu Kibarani, jirani na mji wa Kilifi, mkongwe akiugua husemwa upesi kwamba ni uzee. Hata mimi nimesema hivyo. Hawe, nyanya yetu, aliyekwisha pita miaka 85, alishikwa na tumbo la kuendesha, akalazwa hospitali. Siku ya tatu akawa hajui yuko wapi, na mfuko wa mkojo uliotundikwa kando ya kitanda ulikuwa karibu mkavu. Tukaanza kunong'ona habari za mazishi. Kumbe mafigo yake yalikuwa yamesimama ghafula. Kabla sijamaliza habari zake, sikiliza jinsi wanadamu walivyopata kuujua ugonjwa huo.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, mji wa London ulipopigwa mabomu, tabibu Eric Bywaters aliwatazama watu waliofukuliwa chini ya vifusi. Baadhi yao walionekana kuwa wamepona, kisha mkojo ukakatika, wakafa kwa muda wa siku chache. Mwaka 1941 yeye na Desmond Beall waliandika kwamba misuli iliyopondwa ndiyo iliyoyadhuru mafigo. Basi figo laweza kuangushwa na msiba uliotokea mbali nalo. Lakini figo la namna hii aghalabu halijafa. Likipewa siku au majuma, laweza kuamka. Taabu ni kumweka mgonjwa hai katika muda huo.

Taabu hiyo ilimshughulisha Willem Kolff, tabibu kijana wa Kampen, nchini Uholanzi, iliyokuwa mikononi mwa majeshi ya Kijerumani. Mwaka 1943 alianza kutumia mashine aliyoiunda mwenyewe: pipa lenye kuzunguka, lililoviringishiwa mrija mwembamba wa selofani, namna ile ya kufungia soseji, na chini yake beseni la maji yaliyotiwa chumvi. Damu ilipita ndani ya mrija, na uchafu ukachujika ukatokea majini. Wagonjwa wake wa kwanza karibu wote walikufa. Hakuacha. Septemba 1945 aliletewa mama wa miaka 67 aliyezimia. Alikuwa mfungwa, kwa kuwa aliwaunga mkono adui wakati wa vita, na wenyeji wengi hawakuona sababu ya kumhangaikia. Kolff alimwunga na mashine. Saa nyingi zikapita, akafumbua macho, akanena. Mafigo yake yakarudi kazini, naye akaishi miaka kadhaa zaidi. Basi mtu wa kwanza kuokolewa kwa figo la mashine hakuwa kijana, wala hakuwa kipenzi cha watu.

Ajabu ni kwamba baadaye miaka ilifanywa mlango wa kufungia watu. Huko Seattle, Marekani, mwaka 1962, wagonjwa ambao mafigo yao yamekufa kabisa walipokuwa wakisafishwa damu kila juma, waliopita miaka 45 hawakupokelewa. Siwalaumu mno, maana mashine zilikuwa chache.

Mafigo ya kijana huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku. Ya mkongwe huchuja pungufu. Kiu yake nayo hupungua, hata mwili ukauke asiombe maji. Juu ya hayo yaja kuhara, au vidonge vya maumivu vinavyobana mishipa ya damu ya figo. Hata kipimo cha damu chaweza kudanganya, kwa sababu uchafu upimwao, uitwao kreatinini, hutoka katika misuli, na misuli ya mkongwe imekwisha nyauka.

Tangu mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza kupeleka mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti. Hawe hakuihitaji. Alitiwa maji kwa mshipa, polepole, ili moyo usielemewe. Na vidonge vya magoti, alivyovificha chini ya mto, vikaondolewa. Muuguzi alinipa karatasi ya kuandika kila kikombe alichokunywa na kila kiasi kilichotoka. Siku ya sita niliandika mililita 900. Hawe akanitazama, akauliza ni nani aliyemwibia vidonge vyake.